Mguu Mmoja kwa Kila Kisiki

Vumbi la Didia mwezi wa nane halina adabu. Linaingia bila hodi, linakaa kwenye sufuria, linakaa kwenye kope.

Katika vumbi hilo, Mayala mwanangu, ulinipigia simu kutoka Geita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba."

Ukasema duara lenu, hilo shimo la dhahabu, limekwenda chini sana, udongo wa juu unamwagika, mnataka matimba, zile nguzo za kushikilia kuta. Utaleta fuso, mfyeke ngitili yote, ile miti ya malisho yetu ya akiba. "Si Bwana Miti kagawa miche bure? Tutapanda mingine."

Kitendawili, mwanangu! Nilizikwa kwa ngoma, nikafa kimya. Umeshindwa? Nipe mji. Ni miche ya barabarani. Watu wengi waliipanda, wakapiga makofi, wakapanda gari wakaondoka. Mvua nayo ikaondoka. Wifi yangu Mbuke anasema mbuzi wake wanaiita mchicha. Iliyopona ni ya pale kisimani, inayolambishwa maji tukichota.

Sisemi kupanda hakuwezekani. Kunawezekana. Kazi ni mwezi wa nane: nani atabeba ndoo?

Ngitili haikupandwa na mtu. Baba yako aliyafunga yale malisho tu, ng'ombe wakakatazwa, na visiki vikakumbuka kwamba ni miti. Nyasi za kijiji zikiisha, maksai wetu wanakula humo. Ukiifyeka, mwakani tutalima na nini? Na mche wa kimo cha kuku utashikilia ukuta gani?

Lakini wewe uko chini ya ardhi, na mimi ni mama.

Nikashika panga, Mbuke akashika shoka. Kisiki kimoja kimechipua mashina mengi, mengine yameshakuwa nguzo. Kila kisiki tukakiomba mguu mmoja, iliyobaki tukaiacha isimame.

Mbuke akacheka: "Wifi, unakata mti kama unamnyoa mtoto!"

"Ndivyo. Na wewe usimtoe damu."

Fuso lako lije. Halitajaa. Mchimbe kwa kadiri ya nguzo mlizo nazo, msizidi hapo, hata dhahabu ikiwaita kwa majina.

Zikishasimama, gonga moja moja kwa nyundo, usikilize. Ikijibu kwa sauti nzito, imeshika ukuta, shuka. Isipojibu, panda juu, baba, unipigie. Panga langu nimelinoa, na ngitili bado ina miguu.