Wimbo wa Gemu Iliyosimamishwa

Gidion aliondoa vidole kwenye kinanda katikati ya ubeti wa pili, na Hilaria, aliyekuwa akiongoza kwaya, akajua moja kwa moja kwamba mdogo wake ana neno la kusema kuhusu gemu. Hakuna kitu kingine duniani ambacho kingemfanya aache kupiga. Waimbaji wakanyamaza mmoja mmoja, wanaume wa besi wakiwa wa mwisho kama kawaida yao.

"Dada, huu wimbo naujua," Gidion alisema. "Umo kwenye gemu."

Mtu anaweza kuvumilia mengi, na kwa Gidion, Hilaria alikuwa ameshavumilia ya kutosha watu watatu. Msibani, wakati waombolezaji wanasubiri jeneza, alimkuta anamweleza mzee wa watu kwamba mashine za gemu za zamani zilikuwa na sauti chache mno, hata risasi ikilia ilibidi sauti moja ya muziki inyamaze kuipisha. Kwenye harusi ya binamu yao Fabiola alishika meza nzima akiwaambia kuna CD za gemu ambazo ukizitia kwenye redio, mtu anazungumza kukuonya uzitoe. Kuna nyimbo, alisema, zilifungiwa ndani ya kaseti ya gemu na hazikuwahi kupigwa popote, mpaka watu walipoifumua kaseti wakazikuta. Yote aliyapata kwenye kundi la wapenda gemu kwenye simu, kwa watu wenzake wasio na kazi za kufanya. Nani alimwomba?

Lakini wimbo huu ulikuwa jambo lingine. Jumapili iliyokuwa inakuja kwaya za parokia zilikuwa zinashindana mjini Katesh, na sharti lilikuwa moja: tuni iwe ya kutunga wenyewe, au ya asili ya wazee wa nyumbani. Hilaria alikuwa ameandika maneno ya kushukuru mavuno juu ya tuni aliyokuwa akiiimba puani marehemu baba yao, mzee Akonaay, kila alipokamua ng'ombe. Haikuwa na maneno. Alipowahi kumuuliza kama ni ya zamani, alijibu ndiyo, ya zamani, akaendelea kukamua, na kwao mtoto hamhoji mzazi mara mbili. Sauti ya baba hakuna aliyeirekodi. Hiyo tuni ndiyo iliyobaki, na Hilaria alitaka isikike mbele ya watu ikiitwa kwa jina la mzee wake.

Kwa hiyo alimjibu Gidion kwa ukali, mbele ya kwaya nzima, kwamba baba hakuwahi kuikaribia ile mashine ya gemu ya utotoni mwao. Hilo kila mtu pale nyumbani alilijua. Mjomba alipoleta gemu ya kaseti kutoka Arusha, wakaiunga kwenye televisheni ndogo na betri ya gari, mzee aliifokea mchana na jioni. Aliiita takataka. Gidion alikua akiamini kwamba baba yake aliichukia ile mashine na yeye pamoja nayo, na mzee alikufa hawajakaa wakaongea vizuri.

Gidion alisema tu kwamba atamwonyesha.

Kesho yake mchana walikutana nyumbani kwa mama yao, Marieta. Walimwamkia shikamoo, wakapewa chai, kisha Gidion akaunga simu yake kwenye televisheni. Gemu ile ile ya zamani ikatokea, kimtu kidogo kinaruka mashimo. Akaisimamisha. Ukiisimamisha, alieleza, inanyamaza kimya. Wengi wanaendelea kucheza au wanazima. Ila ukiiacha bila kugusa chochote, muda mrefu, unaanza wimbo ambao hauko mahali pengine popote kwenye gemu nzima. Waliotengeneza waliuficha humo, na hata yeye, aliyeicheza utoto wake wote, aliusikia juzi tu kwenye kundi.

Wakasubiri. Mtu wa kundi akapiga simu, ikabidi kuanza upya. Wakasubiri tena, kuku akapanda kochi, Hilaria akanyanyuka kumfukuza akajigonga goti kwenye meza. Alikuwa na nguo za kwaya za kupiga pasi na mahindi ya kuanua, na hapa amekaa anatazama kimtu kisichosogea. Alifungua mdomo kusema yametosha.

Wimbo ukaanza.

Ulikuwa mwembamba, wa kulialia, lakini ulikuwa wenyewe. Hata pale karibu na mwisho, ambapo baba alikuwa akisita kidogo kabla ya kupanda, na Hilaria siku zote alidhani ni kifua kinambana, mashine nayo ilisita. Hasira zikampanda. Alimwambia Gidion haiwezekani, hiki kitu kinataka mtu akae mbele yake bila kugusa, na baba angekaa hapo kufanya nini?

"Alikuwa anakulindia, Gidion," Marieta alisema.

Wote wawili wakamgeukia. Mama yao alikuwa anatazama televisheni, hakuwatazama wao. Alieleza taratibu, kama mtu anayesimulia jambo ambalo kila mmoja analijua. Wewe Hilaria ulikuwa shule ya bweni. Huyu alikuwa anacheza, jioni inafika, baba yake anamfokea akalete ng'ombe. Anakisimamisha kile kitu anaenda analia, maana ukikizima unaanza mwanzo. Basi akishatoka, mzee anavuta kigoda anakaa mbele ya televisheni. Watoto wa jirani wakitaka kushika, anawafukuza. Mimi nikimwambia betri inaisha, ananiambia niache, mtoto akirudi akute pale alipofika. Akisikia ng'ombe wanaingia, anatoka kwa mlango wa nyuma.

"Mbona hakuniambia?" Gidion aliuliza.

"Angekuambia, ng'ombe wangeletwa na nani?"

Gidion akainama akashika uso. Hilaria alimtazama, na tusifiche, alichokisikia kwanza hakikuwa huruma. Ulikuwa wivu. Tuni aliyoidhani urithi wake ilikuwa ya huyu mtu mwenye kelele, ya jioni zake, na sasa hata kwa mashindano haikufaa. Alimkasirikia baba pia. Mzee mzima unajificha kumpenda mwanao! Alikunywa chai iliyokwisha poa, kisha akamwambia mdogo wake kwamba Jumapili ataeleza yeye mwenyewe mbele ya waamuzi, kwa kuwa kueleza ndiyo kazi anayoiweza.

Jumapili, Katesh, zamu yao ilipofika, Gidion alipewa kipaza sauti. Kanisa lilikuwa limejaa. Alisema, "Huu wimbo," akanyamaza. Akajaribu tena, akaishia hapo hapo. Mwamuzi akatazama saa. Besi wakaanza kukohoa.

Hilaria akaenda akamnyang'anya kipaza sauti, maana mtu huyu angewaaibisha mpaka mwisho.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema. "Tuni hii si yetu, na si ya wazee wetu. Ni ya gemu ya watoto, aliitunga mtu wa mbali tusiyemjua, akaificha mahali ambapo anayecheza hawezi kuisikia. Baba yetu, mzee Akonaay wa kijiji cha Mogitu, aliisikia kwa sababu alikuwa anamlindia mwanawe mchezo usizimwe. Huyu hapa ndiye mwanawe. Mtuondoe kwenye mashindano, ila mturuhusu tuimbe."

Waamuzi walinong'onezana, kisha mmoja akaweka kalamu chini akawapa ishara waendelee. Hilaria akainua mikono. Kinanda hakikulia. Alimtazama Gidion, akaona machozi yanamtiririka mpaka kwenye kola na vidole viko juu ya vitufe havisogei. Angeweza kuanza bila yeye. Kwaya iliujua wimbo.

Alishusha mikono akasubiri.