Agota wa Kurasa Tisa

Ulimwona. Ulipita mtaa wa Balsall Heath, huku ughaibuni, ukamwona bibi mzungu kasimama na mfuko wake wa plastiki dukani kwa Vipul, duka la kuchapa, ukageuza uso. Usikatae, ndivyo tulivyo. Khadijo, mpiga taipu wa duka hilo, hakugeuza. Alifanya baya zaidi: alisafisha.

Ilikuwa mwaka 2006. Bibi Petronėlė, Mlithuania aliyeletwa huku na vita vya Hitler, alitoka mtaa wa Great Barr na kitabu cha sala kilichoandikwa kwa mkono. Wino ulikuwa unafifia, na macho yake pia. Alitaka nakala za wajukuu kabla vyote viwili havijaisha.

Neno lile lile liliandikwa kwa sz ukurasa huu, š ukurasa ule, mbele s tupu. Khadijo hakutulia. Huko Garissa, mwaka themanini na tisa, Wasomali walipopangwa foleni kuhojiwa uraia, alimwona baba yake ameshika karatasi tatu, jina moja limeandikwa namna tatu. Karani akamwambia akae kando na wasio na kwao. Tangu hapo, kila kilichopita mikononi mwa Khadijo lazima kilingane. Basi akazilinganisha sala zote, tahajia moja tu.

Vipul, mzaliwa wa Kisumu, alicheka. "Dada, umekipiga pasi kitabu kizima."

Bibi akaisoma nakala ya majaribio, kidole kikitambaa mstari kwa mstari. Kikasimama.

"Agota yuko wapi?"

Akaeleza. Mfalme wa Urusi alipopiga marufuku vitabu vya Kilithuania kwa herufi za Kilatini, nyanya yake na dada zake wawili walizinakili sala kwa zamu, kila mmoja kwa herufi alizozijua. Agota, mmoja wa dada hao, akakamatwa, hakurudi. Hana kaburi, hana picha. Alichoacha ni kurasa tisa zenye sz.

Vipul akanong'ona kwa Kiswahili kwamba mashine ya kuchapa imeshapata moto, na nani atajua?

"Nitajua mimi, Vipul bhai," Khadijo akamjibu. "Na yule karani wa Garissa naye alidhani anasafisha orodha."

Akazima mashine. Akaanza upya, herufi kwa herufi, kila ukurasa kwa tahajia yake. Walipofika kwa Agota, bibi akavuta kiti, akaketi karibu.

Na wewe? Barua za nyanya yako zimo sandukuni, zimejaa hayo unayoyaita makosa, nawe unangoja upate nafasi. Inuka. Iache hiyo chai ipoe. Zitoe, uzinakili kama zilivyo, sasa hivi.