Kisima cha Mama Muturi

Mvua za masika zilipokolea, Magdalene, ambaye majirani zake wa mtaa wa Manyatta walimwita Mama Muturi, aliona ufa kwenye ukuta wa kisima chake, upande wa choo. Maji yalinuka kidogo. Alijua ilimpasa akifunge. Lakini wateja wake wa maji walikuwa wamekwisha kupanga mitungi yao foleni, naye akamimina dawa ya maji kidogo, akanyamaza.

Wiki iliyofuata kipindupindu kikamchukua Ivy, bintiye Dorca wa nyumba ya pili. Mtoto wa miaka sita. Aliugua asubuhi, kesho yake hakuwepo.

Kwa kuwa Magdalene ndiye aliyewaongoza akina mama wa kanisa, matangani walimwomba amfariji mfiwa. Akasema lile ambalo husemwa siku zote, kwamba kazi ya Mungu haina makosa.

Dorca, ambaye hakuwa ametoa chozi tangu hospitalini, aliinua uso. Akataka kuambiwa: kama Mungu ni mwema na anaweza yote, mbona hakumwokoa Ivy? Hakuweza, au hakutaka? Mhubiri Ignatius akamjibu taratibu kwamba Mungu aliwapa watu hiari, na maovu mengi hupitia mikononi mwao.

"Basi huu ulikuwa mkono wa nani?" Dorca akauliza.

Jibu alikuwa nalo Magdalene. Aliinamisha macho akatazama kandambili zake, akaona kwamba akinyamaza tena, Mungu ndiye atakayebebeshwa lawama iliyomstahili yeye.

"Wangu, Dorca," akasema. "Kisima kilipasuka. Nilijua, na bado nikawauzia maji."

Dorca akanyanyuka.

"Siku nne nimemtukana Mungu, Mama Muturi. Kumbe ni wewe. Ondoka kwangu."

Akaondoka. Hakupitia nyumbani, alikwenda moja kwa moja kwa chifu akaeleza yote, na kabla jua halijazama maafisa wa afya walikuwa wamekifunga kisima. Kesi ingali mahakamani. Uongozi wa akina mama aliuacha mwenyewe.

Magdalene bado huomba. Mara nyingine hutamani kumuuliza Mungu mbona hakumzuia, lakini swali humfia mdomoni. Dorca hajamsamehe, wala yeye hajathubutu kumwomba msamaha. Wakikutana njiani, Magdalene husimama kando, Dorca apite kwanza.