Kishindo cha Pili

...na sasa anyamaze, yeye ambaye hata usingizini anaongea, Shangazi Redio kama watoto wa mtaa mzima wanavyomwita, anyamaze eti kwa sababu mdogo wake, fundi wa kamera, ameinua kidole na kusema dada, kidogo tu, niisikilize, na habari ya mchumba wa jirani ilikuwa imeshafika pale penyewe patamu, mchumba kaja kujitambulisha ukweni na viatu viwili tofauti, kimoja cheusi kimoja kahawia, na mama mkwe... haya, ataimeza, leo kuna mteja, binti mpiga picha za harusi, kasimama kaunta uso umemshuka, maana picha zake zinatoka nusu, juu watu wanacheka, chini giza tii, na Jumamosi ana harusi nyingine, na fundi anashuku shata, yale mapazia mawili madogo tumboni mwa kamera, la kwanza linafunguka mwanga uingie, la pili linafunga, moja likikwama ndilo giza lenyewe, na kubadilisha shata, mtoto wa watu, bora ununue kamera nyingine... kailaza juu ya sponji mkono usiitikise, kaitegea ikawie kidogo kufunga, kainama, sikio karibu liilambe, akabonyeza, tak... chuk, si hiyo hapo, mbona iko sawa, tak ya kwanza kama mlango wa kabati, chuk ya pili laini kama mtu anaurudisha huo mlango asiamshe watoto, na mdogo wake bado kainama, anasubiri nini sasa, anabonyeza tena, tak... chuk, na ule uso, uso anaoujua tangu akimbeba mgongoni na yeye mwenyewe kakonda kama ufagio, ni uso wa mtu anayemngoja mgeni ambaye ameshaingia, ameshakaa, ameshavua viatu... La pili silisikii, fundi akasema taratibu, kwa huruma, nadhani limekufa, na binti akashika shavu... limekufa wapi, huyu si mtu wa kukosea, huyu aliifungua saa ya baba na meno ya utoto hayajamtoka, akairudisha ikatembea, mikono ile haijasahau kitu, basi kama si mikono... oh... oh, jamani... ndiyo maana simu anaiacha iite mpaka mteja amwoneshe, ndiyo maana siku hizi unamuuliza umekula nini anakujibu ndiyo, na kigoda hiki, alikitoa mlangoni mwenyewe akakiweka upande wake wa kulia, dada kaa hapa hapa, na yeye akaenda kuringa kwa mashoga zake, mdogo wangu ananipenda nyie, dunia nzima inaniambia punguza sauti, mume alisema, mawifi walisema, hata mkunga alisema, nami uchungu umenishika, yeye peke yake hajawahi, kumbe... kumbe sauti hii ya tarumbeta ndiyo inayomfikia, amekaa humu miaka na miaka kila siku akijua nani kaolewa nani kaachika, si kwamba anapenda umbea, ni kwamba bila mimi duka zima limenyamaza... na machozi na kicheko vikagombania koo moja, amwambie nini, husikii mdogo wangu, mbele ya mteja, fundi wa kusikiliza mashine hasikii, habari kama hiyo ingefika mtaa wa pili kabla chai haijapoa, na ingebebwa na nani kama si yeye, hapana, hii ataimeza na hataki hata maji ya kuisukumia, lakini binti wa watu naye auze nini, ajinyime nini, apate kamera nyingine... akamgeukia binti, kwa sauti ileile ya kila siku, kama anayeendeleza porojo, "Mwanangu, kimashine chako kina adabu kuliko mchumba wa jirani, kikifungua mlango kinafunga, tak, chuk, nimekisikia na mimi nimejikalia tu hapa," na mdogo wake hakugeuka upesi, aliitazama sponji, kisha akauliza, "Mara mbili?" na yeye akajibu, "Mbili, baba. Ya pili laini," na macho ya fundi yakawaka, ah, kichwa hicho hakina kutu, akamuuliza binti zile picha za nusu, zote alipiga na flashi, binti akasema ndiyo, zote, ukumbi ulikuwa na giza, basi ndiyo hapo, fundi akasema, umeikimbiza shata mno, flashi inawaka pazia la pili limeshafika nusu ya njia, akaichomoa flashi, akapiga picha ya mlango na jua lake, ikatoka nzima, juu mpaka chini, binti akashusha pumzi utadhani ametua mzigo wa kuni, akanyoosha mkono aichukue, lakini fundi akasema ngoja tuhakikishe, akairudisha juu ya sponji, akainua kidole vilevile, na Shangazi Redio akafumba mdomo vilevile, ila safari hii fundi hakuinama, aliisukuma sponji polepole kuelekea kwenye kigoda, akabonyeza, akamtazama dada yake usoni.