Akaunti ya Baba Godi

Lea asinione mbaya, lakini ile akaunti ya mgeni aliyomfungulia baba yake ilinikera tangu siku ya kwanza. Mtu kanunua kompyuta kwa kiinua mgongo chake, kaiweka sebuleni kwake hapa Usagara, halafu leo anaingizwa humo kama mpita njia! Nikamwambia, "Lea mwanangu, huyu ndiye mwenye nyumba." Akanijibu, "Mama, unataka aendelee kulia hivi kila siku?"

Nikamwacha aendelee. Kilio chenyewe kilikuwa kimeshanichosha.

Mume wangu, Zebedayo, alikuwa fundi umeme kwenye mashamba ya mkonge. Sasa kichwa kimemchoka. Ya zamani anayakumbuka yote, ya jana hayamo. Na Godlisten, kifungua mimba wetu, ambaye kwa jina lake mtaa mzima unaniita Mama Godi, alifariki mwaka jana kwa ajali ya bodaboda njia ya Pongwe. Tulimzika kama watu wanavyozika siku hizi, na mpiga video juu. Huyo mpiga video, Mungu amsamehe, aliweka muziki na maua yanayopepea juu ya jeneza, utadhani harusi. Video ikahifadhiwa kwenye kompyuta pamoja na picha za familia.

Basi Baba Godi anafungua kompyuta atafute nyimbo za kwaya, anaikuta video, anaitazama. Anamwona mwanawe ndani ya jeneza. Kwake ndiyo kwanza anapata habari. Jamani, kilio kile! Anapiga ukuta kwa viganja, ananivuta gauni, "Mama Godi, mbona mlinificha?" Nami nalia naye, upya, asubuhi baada ya asubuhi. Kuifuta hakuna aliyethubutu. Ungeanzaje kumfuta mtoto?

Ndipo Lea alipokuja kutoka kwake Makorora, akatengeneza akaunti aliyoiita Mgeni, isiyo na nywila. Humo akaacha nyimbo za kwaya, Biblia na mchezo wa karata, basi. Picha na video zikabaki kwenye akaunti nyingine, yenye nywila aliyoninong'oneza mimi peke yangu. "Asipoziona hataumia," akasema.

Kweli hakuziona, na kilio kikakoma. Nikamshukuru Mungu, nikalala usingizi wa maana. Kumbe sasa kwa Baba Godi mtoto yu hai. Akaanza kuuliza, "Godi hajarudi kazini?" Akabeba kiti, akaketi getini. Bodaboda ikipita anasimama. Nikimwita mezani anasema, "Nitakula na mwanangu." Chakula kinapoa, nakirudisha jikoni. Suruali zikaanza kumvuka. Nikimwambia kwa mdomo wangu kwamba Godi alifariki, ananijia juu, "Shindwa! Unamwombea mwanangu kifo?"

Nikampigia Lea simu. "Vumilia Mama, atazoea." Atazoea! Mtu hakumbuki ya jana, atazoea nini?

Jumapili nikirudi ibadani nikamkuta ameshikilia geti, anatetemeka kwa njaa. Nikasema liwalo na liwe. Nikamshika mkono, nikamketisha mbele ya kompyuta, nikatoka kwenye hiyo Mgeni yao, nikaandika nywila, nikaifungua video kwa mkono wangu mwenyewe. Akaona. Alilia mpaka sauti ikamkauka, nami nikalia kifuani kwake. Halafu akanawa uso, akaomba uji, akanywa bakuli zima. Tukakaa tukamzungumzia Godi, utundu wake, alivyokuwa anaogopa mbuzi wa jirani. Siku hiyo nilikuwa na mume, na tulikuwa wazazi wawili tuliofiwa.

Kesho yake asubuhi yuko getini. "Mama Godi, huyu mtoto kalala wapi?"

Nikaingia ndani, nikawasha kompyuta. Ikaniuliza naingia kwa akaunti ipi. Nikaanza kuandika nywila, herufi ya kwanza, ya pili, mkono ukagoma. Nilimfikiria atakavyoupiga ule ukuta tena, na moyo wake ulivyochoka. Na mimi pia, niseme ukweli, sikuweza kumzika mwanangu kila siku. Nikaizima, nikairudishia kitambaa chake.

Nikatoka nje. "Baba Godi, mwanao kapiga simu. Anasema wewe anza kula, yeye atachelewa."

Uso ukamchanua. "Kasema mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Si angenipigia mimi! Mtoto huyu bwana." Akaingia ndani anacheka, akanawa, akala mihogo ya nazi mpaka akakomba sahani. Mimi nimesimama pale, nimeshika bakuli. Alipomaliza akaniangalia.

"Na yeye mwekee," akasema. "Atakuja na njaa."

Nikaleta sahani nyingine, nikampakulia mwanangu, nikafunika.