Mapunye ya Husna

Kwa miaka saba Shamsa na Dorkas walisuka pamoja katika saluni ya chumba kimoja, karibu na soko la Same. Dorkas aliteremka kutoka Mbaga, milimani, akiwa hana mwenyeji mjini, na Shamsa ndiye aliyempokea. Binti zao, Husna na Priska, walisoma darasa moja. Mama aliyepata nafasi ndiye aliyewasuka wote wawili.

Mwezi Machi Husna alianza kujikuna kichwa. Kisha nywele zikakatika, zikaacha viraka vyenye magamba meupe. Shamsa alimpaka dawa ya fangasi ya dukani wiki tatu, bila nafuu. Wateja wakaanza kuhama.

"Husna asije tena hapa," Dorkas alisema huku akifagia. "Watu wanasema."

Iliuma, lakini Shamsa aliona mwenzake ana haki. Akamnyoa mtoto na kumpeleka hospitali.

Tabibu alimweleza taratibu. Hayo ni mapunye, fangasi iliyoingia hadi ndani ya mashina ya nywele, ambako dawa ya kupaka haifiki. Husna ameze vidonge kila siku kwa wiki sita, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, na asiache hata akionekana amepona. Vitana visafishwe na kulowekwa kwenye dawa ya kuua vijidudu. Taulo na mitandio, kila mtu na yake. Na watoto anaocheza nao wachunguzwe.

Shamsa alimfikiria Priska, akapanga kumwonya Dorkas siku hiyo hiyo. Nyumbani alipotoa vidonge, Husna alivitazama.

"Hivi si ndivyo vya Priska?"

"Vya Priska vipi?"

"Alikuwa anavimeza na maziwa, shule zilipofungua Januari. Mama Priska alisema ni vitamini. Akasema nisikwambie, utataka na mimi nipewe."

Shamsa alikwenda saluni, akasubiri mteja wa mwisho aondoke.

"Priska aliugua mapunye Januari?"

Dorkas alikaa. "Alipona."

"Sijauliza kama alipona."

"Ningesema, nani angekaa kwenye kiti hiki? Niliogopa, Mama Husna."

"Mimi pia ulikuwa unaniogopa?"

Dorkas alianza kukusanya vitana vilivyokuwa mezani.

"Ulimsuka mwanangu kwa vitana vile vile. Nikahangaika naye, ukinitazama. Halafu wewe ndiye uliyemfukuza."

Dorkas alianza kulia. Shamsa alidhani yeye mwenyewe angepiga kelele. Badala yake alijisikia amechoka tu. Akachukua kiti chake na beseni lake, akatoka. Tangu hapo anasukia barazani kwake.

Husna alimaliza vidonge, na nywele zimeota vizuri. Dorkas alimtumia Shamsa kapu la tangawizi kutoka mlimani. Shamsa aliipokea, akarudisha kapu na salamu. Wakikutana sokoni wanajuliana hali. Lakini Husna huuliza lini ataenda kucheza kwa Priska, na mama yake humwambia, "Siku nyingine."