Imbwa ya Salamu

Balipoanza kufukuza Bakasai, batu ba asili ya Kasai, mu Kolwezi, jirani yangu mama Ngalula, naye Mukasai, alifunga mizigo ya kwenda ku gare ya treni, akaniachia imbwa yake, Shefu.

"Ernestine, umutafutie nyumba nzuri. Ni mupole. Anapenda tu salamu."

Mupole! Ile shetani! Nilimupeleka kwa katekista: akapasula suruali yake ya misa. Nilimupeleka kwa sentineli, mulinzi wa kule Kingamyambo: sentineli akapanda muti, akakataa kushuka. Kila mara Shefu alinirudilia hapa Kapata na kipande ya nguo mu kinywa.

Siku moja akashika suruali ya Stany, ule jirani alikuwa anaimba mu barabara, "Bakasai baende kwabo!" Tulivuta, tukapiga, tukamumwangia maji. Shefu hakuachilia. Njo nikakumbuka vile mama Ngalula alikuwa anamwamkia kila asubuhi.

"Stany, musalimie mu Tshiluba, luga ya Bakasai! Sema: Moyo webe, tatu!"

"Mi? Nisalimie imbwa mu Tshiluba? Tena nimuite tatu, baba yangu?"

Suruali ikalia praa!

"Moyo webe, tatu!" Stany akapiga kelele kwa sauti yote.

Shefu akaachilia, akatikisa mukia.

Sikutafuta tena nyumba, alibakia kwangu. Leo kila mutu wa avenue yetu akipita, anainama kidogo: "Moyo webe, tatu." Stany njo anasalimia kwa nguvu kupita bote.

Mama Ngalula alizaliwa mu hii avenue. Hata siku moja, hakuna mutu alimusalimia mu luga yake.